Kunyambua Filamu

Filamu mashuhuri inapogeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni, kila neno tunaloitia kazi hiyo lina hukumu yake. Anayesema filamu imerefushwa anahesabu saa tu. Anayesema imetoholewa anaazima neno la wanaisimu, ambao kwao kutohoa ni kulipa neno la kigeni matamshi ya nyumbani. Lakini filamu na tamthilia yake aghalabu huzungumza lugha moja. Mimi nachagua neno jingine la wanaisimu, kunyambua: kukiongezea kitenzi viambishi ili kipate maana mpya.

Tuchukue M*A*S*H. Robert Altman aliitoa filamu hiyo mwaka 1970: madaktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, mahemani, katika Vita vya Korea, wakitaniana ili wasirukwe na akili. Mwaka 1972 CBS ikaanza kurusha tamthilia yake, iliyoendelea hadi 1983. Vita vyenyewe vilidumu miaka 3; tamthilia, 11.

Miaka hiyo haikujazwa kwa kukivuta kisa kilekile. Ilijazwa kwa kunyambua. Kitenzi pika kinamtaka mpishi na chakula. Sema pikia, anaingia anayepikiwa. Sema pikisha, anaingia anayemfanya mwingine apike. Mzizi ni uleule, ila sentensi imepata watu wapya na uhusiano mpya. Ndivyo walivyofanya waandishi wa M*A*S*H. Hawkeye alibaki, ingawa Donald Sutherland alimpisha Alan Alda. Wakaongezwa Klinger, Kanali Potter na B.J. Hunnicutt, ambao filamu haikuwa nao. Hunnicutt aliacha nyumbani mke na mtoto mchanga, na kwa sababu yake vita vikaanza kupimwa pia kwa malezi yanayompita baba.

Hata aliyekuwepo alipata maana mpya. Henry Blake, kamanda anayebaki hai katika filamu, aliuawa mwishoni mwa msimu wa tatu, mwaka 1975, ndege yake ilipotunguliwa akirejea kwao. Kifo hicho kiliuma kwa kuwa watazamaji walikuwa wamecheka naye misimu mitatu. Filamu ya saa mbili haiwezi kujenga mazoea ya namna hiyo.

Sarufi inatuonya pia: si kila kitenzi hukubali kila kiambishi. Zipo filamu ambazo mwisho wake ndio mzizi. Ukiuahirisha ili upate msimu wa pili, umeua kitenzi. Kwa hiyo mhakiki asiishie kuuliza kama tamthilia imefanana na filamu. Aulize ni kiambishi gani kimeongezwa, na kimemleta nani.