Zabibu mara mbili kwa mwaka: historia ya mkasi na maji Dodoma

Ufaransa wamelima mizabibu kwa zaidi ya miaka 2,000, na hadi leo wanavuna mara moja tu kwa mwaka. Dodoma tumeanza juzi, mwishoni mwa miaka ya 1950, na tunavuna mara mbili. Ukiuliza kwa nini, wengi watakwambia ni jua letu. Si uongo, ila hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni mkasi wa kupogolea, pamoja na kile kinachofuata mkasi: maji. Hebu leo tuifuate historia ya vitu hivi viwili, maana swali ambalo zamani lilikuwa la mkulima na shamba lake sasa linaligusa jiji zima.

Nchi isiyopenda wastani

Dodoma iko kwenye uwanda wa kati, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Vitabu vinasema inapata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba.

Shida iko kwenye hilo neno "wastani". Mwaka mmoja mvua inakuja mapema, inakatika Februari, mahindi yanakauka yakiwa yanachanua. Mwaka mwingine inanyesha kwa fujo mpaka makorongo yanabomoa barabara. Ukizijumlisha na kugawanya unapata wastani mzuri kabisa, lakini hakuna aliyewahi kuishi ndani ya wastani huo. Wagogo walilijua hili kabla ya kipimo chochote cha mvua. Ndiyo maana walishikilia mtama na uwele, mazao yanayovumilia, na wakaweka akiba yao kwenye ng'ombe. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na majeshi kuchukua chakula na mifugo, kisha mvua nazo zikakosekana, akiba hiyo ilivunjika. Njaa iliyofuata, kati ya 1916 na 1920, bado inakumbukwa Ugogo kwa jina lake: Mtunya.

Waliofuata hawakujifunza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Mpango ulitaja zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi jirani. Wakaguzi walikuwa wamezunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Trekta zilipofika zikakuta vichaka vigumu kung'oa, na udongo wa mfinyanzi ambao mvua ikiisha hukauka na kuwa kama sakafu, karanga zisichimbike. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni milioni 36 hivi za walipakodi wa Uingereza zikawa zimepotea. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: karanga hupandwa mvua inapotaka. Mkulima hana uamuzi juu ya lini msimu uanze.

Mmea unaosubiri mkasi

Miaka michache baadaye, wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kutoka hapo ilifika Gereza la Isanga, kisha ikasambaa kwenye mashamba ya wakulima wa kawaida. Hakuna aliyetangaza ekari milioni. Mmea ulienea polepole kwa sababu ulifanya jambo ambalo karanga na mahindi haviwezi.

Twende taratibu. Kwenye nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa majira ya baridi. Baridi hiyo, ikifuatiwa na joto la majira ya kuchipua, ndiyo inayoamsha machipukizi yake. Kwa hiyo msimu unaamuliwa na hali ya hewa, na msimu ni mmoja. Dodoma hakuna baridi ya kiasi hicho. Mzabibu ukiachwa tu, unaendelea kutoa majani na matawi bila mpangilio, huku machipukizi mengi yakibaki yamelala, kwa sababu ncha ya tawi huyazuia yaliyo nyuma yake.

Sasa chukua mkasi. Ukikata tawi na kuondoa ncha, kizuizi kimeondoka. Machipukizi yaliyobaki yanaamka, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili kwenye joto letu. Wiki chache baadaye maua yanatoka, na miezi minne hivi baada ya kukata, unavuna. Yaani tarehe ya kupogolea ndiyo tarehe ya kuanza msimu, na anayeichagua ni mkulima.

Hii si siri ya Dodoma peke yake. Kule Petrolina, kaskazini-mashariki mwa Brazili, nchi ni kame kama yetu na wanaweza kuvuna zabibu karibu mwezi wowote. Wao wana mto São Francisco pembeni, hauishi maji. Dodoma mito yetu ni ya mchanga: inapita siku mvua inaponyesha, kisha inabaki njia ya ng'ombe. Kwa hiyo kwetu kuna jambo la ziada: unaweza kuchagua tarehe yoyote, lakini kila tarehe ina bei yake.

Tarehe mbili, bei mbili

Baada ya miaka mingi ya kujaribu, Dodoma imezoea misimu miwili. Wa kwanza, mkulima anapogolea mvua zinapoelekea kuisha, Aprili au Mei, na kuvuna Agosti na Septemba. Wa pili, anapogolea kabla ya mvua, Oktoba au Novemba, na kuvuna Februari na Machi. Ukiangalia hali ya hewa baada ya kila mkasi, utaona kwamba misimu hii ni kama imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Ukipogolea Aprili, mzabibu unaamka kwenye udongo ambao bado una unyevu wa mvua. Mwanzo ni rahisi. Lakini majani yanavyoongezeka, unyevu nao unapungua, na mbele yako hakuna mvua hadi Desemba. Maua na punje changa vinakuja wakati wa kipupwe, Juni na Julai, usiku ukiwa na ubaridi na mchana ukiwa na upepo mkavu. Kipindi hicho mmea ukikosa maji, maua hudondoka na punje hubaki ndogo. Faida yake ni kwamba majani yanabaki makavu, magonjwa ya ukungu yanayohitaji majani yaliyolowa, hasa ubwiri vinyoya, yanakosa nafasi. Ubwiri unga bado unaweza kukusumbua, huo haungoji mvua. Zabibu zinaiva kwenye jua, zinakusanya sukari, na ndizo watengeneza mvinyo wanazozitaka.

Ukipogolea Novemba, mambo ni kinyume. Hewa iko kwenye joto kali kuliko miezi yote na udongo ni mkavu kabisa, kwa hiyo lazima umwagilie ili machipukizi yaamke kwa pamoja. Ila mmea hauna majani, hivyo maji unayohitaji ni machache. Majani yanapokuwa mengi, mvua inakuwa imefika na kukusaidia kazi. Tatizo ni kwamba mvua hiyohiyo inaangukia maua na punje. Ubwiri vinyoya unaingia, unapuliza dawa, mvua inaosha dawa, unapuliza tena. Karibu na kuvuna, punje zilizonywa maji mengi ghafla hupasuka na kuoza, na sukari inakuwa pungufu.

Kwa kifupi: msimu wa kiangazi unalipia kwa maji, msimu wa mvua unalipia kwa dawa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mkulima wa zabibu Dodoma amekuwa akiifanya kwa zaidi ya miaka 60, hata kama hajaiandika popote.

Ni maji kiasi gani?

Hapa sayansi inatusaidia kidogo. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1998, unaotumika duniani kote, unapendekeza hivi: pima kwanza maji ambayo hewa ya siku hiyo ingeyanyonya kwenye nyasi fupi zilizomwagiliwa vizuri, kisha zidisha kwa namba ya zao na umri wake. Kwa zabibu za mvinyo namba hiyo ni 0.30 mwanzoni, majani yakiwa machache, na 0.70 shamba likishajaa majani.

Tuchukue mfano wa siku ya jua na upepo ambapo nyasi zingepoteza milimita 6. Mzabibu uliopogolewa karibuni utahitaji 6 × 0.30, yaani milimita 1.8. Uliojaa majani utahitaji 6 × 0.70, yaani 4.2. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi. Kwa hiyo ekari moja ya mizabibu michanga kwa majani inahitaji kama lita 7,300 kwa siku, na ekari hiyohiyo wiki kadhaa baadaye inahitaji lita 17,000. Hayo ni mapipa 85 ya lita 200, kila siku. Si mchezo.

Sasa fikiria mvua ya milimita 20 imenyesha na udongo umeishika yote. Kwa shamba lililotoka kupogolewa, hayo ni maji ya siku 11. Kwa shamba lililojaa majani, hazifiki siku tano. Mvua ni ileile, thamani tofauti. Na mvua ya milimita 3? Sehemu kubwa itaishia kwenye majani na juu ya udongo, haitafika kwenye mizizi. Kumbe imelowesha majani bila kumwagilia shamba: ugonjwa umepata unachotaka, mzabibu haujapata kitu. Anayefunga bomba kwa sababu tu ameona wingu limemwaga kidogo, anajidanganya.

Makutupora: shamba na kisima

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba maji yapo, kazi ni kuyagawa tu. Twende Makutupora, kaskazini mwa jiji. Jina hili lina maana mbili kwa watu wa Dodoma. Kwanza ni kituo cha utafiti wa zabibu, leo TARI Makutupora, ambako aina za mizabibu zimejaribiwa na wakulima wamefundishwa kupogolea. Aina nyekundu maarufu ya hapa inaitwa Makutupora. Pili ni eneo la visima virefu vinavyolisha jiji. Maji hayo yako chini, kwenye nyufa za mwamba na tabaka lililomomonyoka juu yake.

Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha katika jarida la Nature Climate Change kumbukumbu ya miaka 55 ya kina cha maji ya Makutupora. Walichokikuta kinastahili kufahamika na kila mkazi wa Dodoma. Maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi mfululizo kina kinashuka tu. Halafu inatokea misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998, na kina kinapanda kwa kishindo. Uhusiano wa mvua na maji ya kisimani haujanyooka: mvua ya wastani inaweza kuongeza karibu sifuri. Tumerudi palepale, kwenye nchi isiyopenda wastani.

Ongeza historia ya jiji. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kwa kasi. Watu wameongezeka, majengo yameongezeka, na kisima kilichotegemewa na mji mdogo sasa kinategemewa na jiji. Wakati huohuo kilimo cha zabibu kimekuwa kikisogea kwenye visima na mipira ya matone, kama kwenye shamba la pamoja la Chinangali II wilayani Chamwino. Matone ni hatua nzuri, maana maji yanaenda kwenye shina badala ya kumwagwa kwenye mfereji. Lakini mpira wa matone hauongezi maji ardhini. Unapunguza tu upotevu.

Kalenda ya kupogolea ni kalenda ya maji

Hoja yangu basi ni hii. Tumezoea kuuona upogoleaji kama kazi ya mkasi na umwagiliaji kama kazi nyingine inayokuja baadaye. Historia ya Dodoma inaonyesha ni uamuzi mmoja. Siku unayokata, umeshaagiza maji ya miezi minne.

Mkulima anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kushika mkasi. Udongo una unyevu hadi kina gani? Chimba, shika kwa mkono, usikisie. Kisima changu kitatoa maji kwa ekari ngapi katika wiki zile za majani mengi, si wiki hii? Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasemaje? Jibu la pili likiwa ekari mbili na shamba ni ekari nne, pogolea kwa awamu, wiki tatu au nne zipite kati ya awamu na awamu, ili ekari zote zisidai maji kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa jiji, swali ni gumu zaidi. Zabibu bora za Agosti na Septemba zinalipiwa kwa maji yaliyoingia ardhini pengine miaka kumi iliyopita. Nani apewe maji hayo, kwa kiasi gani, miaka ya kina kushuka? Hilo haliwezi kujibiwa na mkulima peke yake shambani. Linahitaji vipimo vya visima viendelee kuchukuliwa kila mwezi, kama walivyofanya waliotuachia ile kumbukumbu ya miaka 55, na matokeo yawafikie watu wa zabibu kabla ya Aprili, wakati mkasi bado uko mfukoni.