Kivuli Kabla ya Jua: Bustani na Mifugo ya Kyebando Katika Historia

Walimu wenzetu, vitabu vingi vya kusomea humfundisha mwanafunzi majira ya mwaka kama yanavyojulikana pwani: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mwanafunzi wa Kampala huyakariri, kisha hutazama nje ya dirisha asiyaone yote. Mji huu uko karibu sana na Ikweta, juu ya vilima vyenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, wala haujui majira ya joto kama yale ya Ulaya. Waganda huhesabu mvua mbili: ttoggo, inyeshayo tangu Machi hadi Mei, na ddumbi, inyeshayo tangu Septemba hadi Novemba. Baina yake mna vipindi viwili vya ukavu, na kile cha Desemba hadi Februari aghalabu ndicho kikali zaidi. Ukame unapozidi huitwa ekyeya. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi watu wa Kyebando, mtaa ulioko kaskazini ya Kampala katika tarafa ya Kawempe, walivyorithi maarifa ya kuwalinda wanyama na mimea katika kiangazi, na jinsi historia ya ardhi na ya mji ilivyoyageuza maarifa hayo.

Yafaa tuanze na masimulizi ya asili. Waganda husimulia kwamba Kintu, mtu wa kwanza, aliishi na ng'ombe wake mmoja tu, akila na kunywa kutoka kwake. Nambi binti Ggulu alipoolewa naye, walishuka duniani pamoja na mifugo na mgomba. Njiani Nambi alikumbuka kwamba amesahau ulezi wa kuku wake. Akarudi kuuchukua ijapokuwa walikuwa wamekatazwa, na ndipo Walumbe, yaani Mauti, alipowafuata. Wengi husimulia kisa hiki kueleza asili ya kifo. Sisi twaona jambo jingine pia: tangu mwanzo, mtu, mgomba na mnyama walihesabiwa kuwa jamaa ya nyumba moja, na chakula cha kuku hakikuwa jambo dogo.

Jamaa hiyo iliishi katika lusuku, yaani shamba la migomba liizungukalo nyumba. Mwingereza Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, ni mmoja wa wageni wa kwanza walioziandika habari za mashamba hayo. Lusuku bora halikuwa migomba mitupu. Juu yake palisimama mti wa mutuba, ambao gome lake hufanywa nguo. Chini ya mutuba palikuwa na migomba. Chini ya migomba, kahawa, maharage na mboga. Na juu ya udongo, majani makavu ya migomba yaliyotandazwa. Jua lilipowaka lilikuta vivuli vitatu kabla ya kuigusa ardhi, na kitandazo cha majani kikauzuia unyevu usipande hewani. Mzizi wa mgomba haushuki mbali, nao hudhurika upesi udongo wa juu ukikauka. Kwa hiyo majani yale yaliyoonekana kama takataka ndiyo yaliyokuwa hazina ya maji. Mkulima hodari hakuyasogeza hadi kwenye shina, kwa kuwa fukusi wa migomba hupenda kujificha mahali penye giza na unyevu.

Hata mutuba wenyewe ulitunzwa kwa namna hiyo. Baada ya kubanduliwa gome, shina lake hufungwa kwa majani ya migomba, jua na upepo visije vikalikausha, na gome jipya huota. Ufundi wa nguo hizo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu.

Makundi makubwa ya ng'ombe yalikuwa mali ya Kabaka na wakuu, nayo mara nyingi yalichungwa na Wahima. Mkulima wa kawaida alikuwa na mbuzi wachache na kuku. Mbuzi alifungwa kamba mahali penye majani, na kuku walijichimbia vumbi chini ya migomba. Kuku hana jasho. Ajipozapo hutweta mdomo wazi na kuyainua mabawa. Asipopata kivuli na maji safi adhuhuri, aweza kufa. Lusuku lilimpa kivuli bila ya kujengewa banda.

Lakini mti wa kivuli hupandwa na mtu mwenye yakini ya kukaa. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uligawa sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda kwa Kabaka, wakuu na watu binafsi, kwa kipimo cha maili za mraba, na ndiyo sababu ikaitwa mailo. Wakulima wengi wakawa wapangaji wa vibanja. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliwekea mipaka kodi walizotozwa, ikawakinga pia wasifukuzwe ovyo. Tukitafuta kilicholeta kivuli katika vilima hivi, hapana budi tuitaje sheria hiyo pamoja na mvua.

Mwaka 1968 mipaka ya mji wa Kampala ilipanuliwa sana, ikaingiza Mengo, Kawempe na Nakawa. Kwa karatasi, mashamba mengi yakawa ndani ya mji, na kwa sheria za mji zilizorithiwa kutoka ukoloni, jembe na ng'ombe havikuwa na mahali humo. Kisha, mwaka 1972, serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia. Biashara na viwanda vikaanguka, bidhaa zikaadimika, na mshahara wa mwezi ukawa hautoshi hata wiki. Watu wa mji walirudia jembe. Mihogo, viazi vitamu na mahindi vilipandwa viwanjani, kando ya barabara na mabondeni. Baadaye watafiti walionyesha kwamba watoto wa kaya zilizolima mjini walikuwa na afya bora kuliko wenzao wa kaya za hali ileile zisizolima. Bustani iliyohesabiwa kuwa kosa ndiyo iliyowakuza.

Ufugaji nao ulibadilika. Malisho yalipokwisha, ng'ombe wa maziwa wa kizungu aliwekwa bandani, akaletewa majani ya kukatwa na maganda ya ndizi yaliyokusanywa masokoni na majumbani. Ng'ombe huyu huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi, na mchana wa Januari katika Kampala hukaribia nyuzi 30. Hula kidogo, maziwa yake hupungua, naye aweza kuhitaji lita 60 za maji au zaidi kwa siku. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Ikiwa bomba limekauka, madumu hayo hubebwa kichwani kutoka chemchemi ya bondeni, na aghalabu mbebaji ni mama au mtoto. Huruma kwa mnyama, basi, ina uzito wake, na yupo mtu aubebaye.

Mwaka 2006 Halmashauri ya Mji wa Kampala ilitoa sheria ndogo zilizotambua kilimo na ufugaji wa mjini, kwa masharti ya vibali na usafi. Lilikuwa jambo la haki. Hata hivyo, kibali kilifika wakati ardhi yenyewe inapungua. Vibanja vya Kyebando vimegawanywa na kugawanywa tena; nyumba za mabati zimesogeleana; na Barabara ya Kaskazini ya Mzunguko, iliyofunguliwa mwaka 2009, imepita katika mabonde ya upande huo. Palipokatwa mti na kusakafiwa ua, joto la mchana hukaa hadi usiku, na mbuzi afungwaye hapo hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wasiliache neno kiangazi liwe la kukariri tu. Methali yetu husema: mchumia juani hulia kivulini. Huifasiri kuwa taabu hutangulia raha, na tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini mwanafunzi na aulizwe pia: kivuli hicho kilipandwa na nani, na lini? Wakati wa ttoggo watoto na wapande mti mmoja uani pa shule, watandaze majani makavu kwenye tuta la mchicha, na wajenge kibanda cha kuku chenye paa la nyasi. Ifikapo Januari wayamwagilie maji matuta hayo alfajiri au jioni, wala si adhuhuri, na waandike kwa Kiswahili walichokiona. Maarifa ya lusuku yalikaa vinywani mwa wazee kwa muda mrefu, na wazee wenye malusuku wanapungua mwaka hata mwaka. Tusipoyatia katika daftari na katika udongo sasa, watakaotufuata Kyebando watalipata jua hilihili, bila ya kivuli chake.