Ndege Isiyo na Nyekundu: Rangi za Dakota katika Bonde la Kabaw, 1944

Historia ya vita tunayofundishwa haina rangi. Picha ni nyeusi na nyeupe, ramani zina mishale, na ndege hutajwa kwa jina na idadi tu. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba rangi ya ndege ya vita ni ushahidi wa kihistoria kama ilivyo barua au amri ya jeshi, na kwamba ukiisoma vizuri inakuambia ni nani aliyekuwa akiitazama ndege hiyo kutoka chini. Mfano wangu ni Dakota, ndege ya mizigo iliyowalisha askari wa Afrika Mashariki nchini Burma mwaka 1944.

Sikuuchagua mfano huu kwa sababu za kitaaluma peke yake. Idara yetu hapa Kampala iliandaa meza ya maonyesho kuhusu askari wa Uganda katika Vita vya Pili vya Dunia, nami nikapewa kazi ya kuunganisha na kupaka rangi modeli ya plastiki ya Dakota, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mabawa ya ndege halisi yalikuwa na mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Ya modeli yana sentimita 40 hivi. Karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya sanduku ilitoa chaguo mbili za rangi, na zote mbili zilikuwa za Ulaya. Kama ningeifuata, ningekuwa nimeweka kando ya picha za askari wetu ndege ambayo wao hawakuiona. Mwenzangu mmoja katika kamati alisema hakuna mgeni atakayejua tofauti. Pengine ni kweli. Lakini wageni hao ndio wajukuu na vitukuu vya askari wenyewe, na vita vya Burma tayari vimesahauliwa vya kutosha bila sisi kuongezea.

Tuanze na rangi za Ulaya, maana hizo ndizo zinazotufundisha namna ya kuuliza. Dakota za Normandy za Juni 1944 zina mistari mipana myeusi na myeupe kwenye mabawa na kiwiliwili. Ukiitazama modeli iliyopakwa hivyo unadhani ni pambo. Sivyo. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 za usafirishaji za Marekani zilikuwa zikipeleka askari wa miamvuli Sicily. Zilipofika juu ya meli na mizinga ya upande wao wenyewe zikapigwa risasi. Ndege 23 hazikurudi. Waliozifyatulia hawakuwa wasaliti. Walikuwa watu waliochoka, gizani, waliokuwa wameshambuliwa na ndege za Wajerumani muda mfupi uliopita, na kwao kila ngurumo ya injini ilikuwa ya adui. Mistari ya Normandy ilipakwa kwa ajili ya watu kama hao. Rubani hahitaji kuiona. Anayehitaji ni yule aliyeshika bunduki ardhini.

Tukiuliza swali hilohilo kuhusu Burma, tunapata jibu tofauti, kwa kuwa adui alikuwa mwingine. Ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu, jua lao, kwenye mabawa na ubavuni. Duara la Jeshi la Anga la Uingereza nalo lilikuwa na kitovu chekundu, kikizungukwa na nyeupe, buluu na, ubavuni, ukingo wa njano. Mezani huwezi kuyachanganya. Lakini mweke mtu msituni, mvua inanyesha, ndege inapita juu ya miti kwa sekunde mbili au tatu: jicho linanasa nyekundu, basi. Wamarekani walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1942 waliondoa kidoa chekundu kilichokuwa katikati ya nyota yao. Mwaka uliofuata wakaizungushia alama yao ukingo mwekundu, na baada ya miezi michache tu wakauondoa huo nao. Waingereza katika Asia ya Kusini-Mashariki waliiondoa nyekundu mwaka 1943. Alama ikabaki buluu iliyokoza yenye kitovu cheupe, kisha hata hicho cheupe kikaonekana kung'aa mno, kikachanganywa na buluu kidogo kikawa samawati hafifu. Duara lenyewe likapunguzwa ukubwa, na ile alama ndogo ya mkiani ikapoteza nyekundu yake vilevile.

Hapa ndipo askari wetu wanapoingia, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapa kidogo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes, iliingia bonde la Kabaw Agosti 1944, katikati ya masika ya Asia. Ndani yake mlikuwa na vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wazee wetu waliviita Keya, kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Uganda. Bataliani ya 4, ya Uganda, ilikuwa katika Brigedi ya 21. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya kwa malaria na homa ya tifasi ya vichakani, na njia yake iligeuka tope ambalo lori halipiti. Kamanda wa Jeshi la 14, Slim, aliamua kuifukuza Japani katika mvua hiyohiyo, wakati ambao majeshi ya kawaida hupumzika. Mwanzoni mwa Desemba Kalewa ikatekwa, na muda mfupi baadaye mafundi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Vitabu vingi hulisifu daraja. Mimi nasema miezi iliyotangulia daraja ndiyo inayohitaji kuelezwa: maelfu ya watu walikula nini katika bonde lisilopitika? Walikula kilichoanguka kutoka angani. Dakota ilibeba tani 3 hivi. Mlango wa ubavuni uliachwa wazi, na watu waliokaa ndani wakasukuma mizigo kwa miguu ndege ikizunguka eneo la kudondoshea mara kadhaa, chini kabisa, polepole. Mchele ulitupwa bila mwamvuli, ndani ya gunia lililovikwa gunia jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Risasi na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miamvuli, na kwa kuwa hariri ilikuwa adimu, Slim aliagiza miamvuli ya juti itengenezwe na wafumaji wa Calcutta. Ndege isiyo na bunduki hata moja, ikipita mara tano juu ya watu wenye silaha na wasiwasi! Rangi ya duara lake haikuwa jambo dogo kwa rubani wala kwa askari aliyekuwa akingoja chakula.

Je, tutajuaje kwamba agizo la kuondoa nyekundu lilitekelezwa? Amri ya makao makuu ni jambo moja na kopo la rangi kwenye uwanja wa matope ni jambo jingine. Picha za rangi za Dakota za Burma ni chache, kwa hiyo nilitegemea nyeusi na nyeupe, na wengi watasema picha kama hiyo haiwezi kusema lolote kuhusu rangi. Inaweza, ukijua filamu inavyofanya kazi. Filamu za enzi hizo hazikuwa za aina moja. Aina ya zamani haikuhisi nyekundu kabisa, kwa hiyo nyekundu hutoka karibu nyeusi, na buluu hutoka nyepesi. Aina mpya zaidi ilihisi rangi zote, na humo nyekundu na buluu iliyokoza hutoka kijivu kinachokaribiana. Sasa tazama: katika filamu zote mbili, kitovu chekundu hakiwezi kutoka cheupe kuliko ukingo wake wa buluu. Picha za vikosi vya Dakota vya Uingereza huko, namba 31, 62, 117 na 194, zinapoonyesha duara dogo lenye kitovu chepesi na ukingo mweusi, nyekundu haipo. Kitovu kama ni cheupe au samawati, hapo picha hunyamaza, nami nikachagua samawati kwa sababu ya tarehe: mwishoni mwa 1944 ndiyo iliyokuwa imeenea.

Kuna ushahidi mwingine, ambao mhadhiri wangu aliupokea kwa tahadhari. Babake nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa katika Bataliani ya 4. Alifariki kabla sijazaliwa. Nyanya anasimulia kwamba mzee aliwaambia watoto wake kuwa huko Burma ndege ya jicho jekundu ilikuwa ya kukimbia, na ya jicho la buluu ilikuwa ya kungoja. Nyanya hajapata kusoma kitabu chochote cha ndege na hakujua kwamba kulikuwa na agizo. Pingamizi ni kwamba mzee huenda hakuona kwa macho yake, bali alikariri alichofundishwa kambini. Nakubali kwamba inawezekana. Lakini hata hivyo maneno yake yana thamani: yanaonyesha kwamba agizo la makao makuu lilishuka hadi kwa askari wa kawaida, likaelezwa kwa Kiswahili cha jeshi, likakaa kichwani mwake hadi uzeeni. Tena masimulizi lazima yapimwe, sitaki kuonekana nayaabudu. Sote tumewahi kusikia kwamba Idi Amin alipigana Burma, ilhali kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Tofauti ni kwamba maneno ya babake nyanya yanakutana na picha na amri. Ya Amin hayakutani na chochote.

Nigeukie sasa mwili wa ndege. Dakota zilijengwa Marekani, Long Beach na Oklahoma City, na Uingereza ilizipata kwa mpango wa kukopeshwa zana za vita. Zilifika zikiwa na rangi za Wamarekani, kijani cha zeituni juu na kijivu chini, na kwa kawaida hakuna aliyehangaika kuzipaka upya. Kijani hicho kimewagombanisha wapenda modeli miaka mingi, na ugomvi huo hauna mshindi kwa sababu rangi yenyewe haikutulia. Kimsingi ilikuwa mchanganyiko wa nyeusi na njano ya udongo. Jua likiipiga huelekea kahawia, na mvua ikiongezeka hupauka kama vumbi. Zaidi ya hapo, sehemu zinazogeuka kwenye mabawa na mkia zilifunikwa kwa kitambaa, si alumini, na juu ya kitambaa rangi ilifa kwa namna yake. Ndege moja ingeweza kuwa na kijani cha aina tatu bila mtu yeyote kukusudia.

Makopo maalumu ya modeli hayapatikani kwa urahisi mjini kwetu, kwa hiyo nilikwenda Katwe kwa wapaka magari nikanunua nyeusi, njano na nyeupe. Kijana aliyenipimia hakuamini kwamba nyeusi na njano zitatoa kijani mpaka alipokoroga mwenyewe. Niliongeza nyeupe kidogo kuliko ambavyo ndege halisi ingehitaji, kwa sababu rangi juu ya kitu kidogo huonekana nzito kuliko juu ya kitu kikubwa kilicho mbali. Mabawa niliyapausha sana upande wa juu. Kuzunguka kila duara niliacha doa la kijani kibichi, kisichofifia, kubwa kuliko duara lenyewe: hapo ndipo alama ya zamani yenye nyekundu ilipofunikwa kwa rangi mpya kabla ya kuchorwa ile ndogo. Ni doa lisilopendeza, na mtu mmoja aliyepita alinishauri nilirekebishe. Nililiacha. Katika modeli nzima ndilo linaloonyesha kwamba mtu fulani alipanda juu ya bawa na brashi, akaficha nyekundu kwa sababu ya watu wa chini.

Vibandiko vya sandukuni vilikuwa na nyekundu, hivyo sikuvitumia. Maduara niliyachora kwa brashi nyembamba. Ya ubavuni yana upana wa milimita 6 hivi, na ukitetemeka kidogo tu duara linakuwa yai. La kushoto nililifuta na kulichora tena mara nne. Mlango niliuacha wazi. Chini ya injini niliburuta nyeusi iliyozimuliwa kuelekea nyuma, kwa moshi na mafuta, na tumboni nikaongeza kahawia ya matope karibu na magurudumu.

Lilibaki suala la namna ya kuionyesha. Kamati ilikuwa imetenga nafasi mezani, kati ya picha ya askari wanaovuka Chindwin na beji ya divisheni yenye kichwa cha kifaru. Niliomba uzi badala ya nafasi hiyo. Dakota inaning'inia juu ya meza, imeinamisha bawa moja kama inayozunguka eneo la kudondoshea, kwa hiyo aliyesimama chini anaona tumbo la kijivu, mlango wazi, na juu ya bawa lililoinama duara la buluu.