Toba ni ya Nani? Mwanamke wa Jukwaani, kutoka Tubondo hadi Kirolirwe

Riwaya ya kihistoria ikimchukua msichana anayetamani kuigiza wakati wa vita, msomaji mzoefu huijua safari yake kabla hajafungua ukurasa wa pili. Ataondoka kijijini, ataimba penye pombe na askari, atachafuka, kisha atahangaika kutafuta wa kumsafisha. Mwandishi humsindikiza kwa huruma, lakini hesabu haibadiliki: mwenye deni ni yeye. Hoja ya makala hii ni kwamba hesabu hiyo si ya lazima. Tukiweka pamoja tamthilia za Ulaya na Marekani, riwaya ya Kiswahili ya pwani na utendi wa Wanyanga wa Walikale, tutaona kwamba kila mapokeo humsimamisha mtu tofauti mbele ya umma ajibu. Na pa kuzipimia hukumu hizo ni Kirolirwe.

Kirolirwe iko Masisi, Kivu, mashariki mwa Kongo, katika uchifu wa Bashali, kwenye barabara itokayo Sake kwenda Kitchanga. Ni nchi ya baridi na vilima vya majani, nchi ya ng'ombe, maziwa na jibini inayoteremshwa hadi masoko ya Goma. Majani hayo yamegombaniwa muda mrefu. Kuanzia 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamisha familia kutoka Rwanda chini ya mpango ulioitwa MIB na kuziweka Gishari, juu ya ardhi ya Wahunde, bila kumaliza suala la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi nzima. Mei 1996 ikawa zamu ya watu waliojihifadhi kwenye monasteri ya Mokoto. Mwaka 2007 na 2008 kundi la waasi la CNDP la Laurent Nkunda lilikuwa na ngome yake Kirolirwe penyewe. Januari 2023 waasi wa M23 wakaiteka Kitchanga, na kambi za pembezoni mwa Goma zikafurika tena. Mzee wa huku hahesabu vita, huhesabu mara alizokimbia.

Ulaya imewahi kuandika juu ya vita vya namna hii, visivyo na mwisho unaoeleweka. Bertolt Brecht aliandika Mutter Courage und ihre Kinder mwaka 1939, akiwa uhamishoni, na ikachezwa Zürich mwaka 1941. Hadithi imewekwa ndani ya Vita vya Miaka 30, kati ya 1618 na 1648. Mama mchuuzi anavuta mkokoteni wake nyuma ya majeshi, anawauzia askari bidhaa, na watoto wake wote watatu wanakufa. Pazia likishuka bado anauvuta mkokoteni, hajajifunza kitu. Brecht alitaka iwe hivyo: anayepaswa kujifunza ni mtazamaji. Lakini ndani ya tamthilia hiyo yumo binti yake, Kattrin, ambaye ni bubu. Jeshi linapouvamia mji wa Halle usiku watu wakiwa wamelala, Kattrin anapanda juu ya paa na ngoma, anaivuta ngazi juu, na anaanza kupiga. Askari wanambembeleza, wanamtisha, wanajaribu kuizima sauti ya ngoma kwa kelele za kwao. Anaendelea kupiga hadi wanampiga risasi, na mji umekwisha kuamka. Asiyeweza kusema ndiye aliyefikisha ujumbe. Hakuna anayemuuliza Kattrin kama ni msafi.

Miaka karibu 70 baadaye Lynn Nottage, Mmarekani, alitaka kuihamishia Kongo hadithi ya Brecht. Katikati ya miaka ya 2000 alikwenda Uganda pamoja na mwelekezi Kate Whoriskey kuwasikiliza wanawake wa Kongo waliokimbia vita. Aliyoyasikia yalimfanya aiache ile ya Brecht na kuandika ya kwake, Ruined, iliyochezwa Chicago mwaka 2008 na kushinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Tuko kwenye baa ya Mama Nadi, katika mji wa machimbo, mahali ambapo askari wa serikali na waasi hunywa kwa zamu. Sophie, msichana aliyebakwa na kuumizwa vibaya, anaimba hapo ili apate mahali pa kulala. Nottage anajua kitu ambacho waandishi wengi hawakijui: kwa Sophie jukwaa si ndoto, ni hifadhi. Akinyamaza atatupwa nje. Hata hivyo tamthilia inafungwa kwa Mama Nadi kumfunulia siri ya mwili wake mwanamume anayempenda, kisha wanacheza pamoja. Wapo wahakiki waliouona mwisho huo kuwa mtamu kupita kiasi. Tatizo langu liko kwingine. Vita vimeletwa na wenye bunduki na wenye machimbo, lakini anayefungua moyo na kuomba kupokelewa ni mwanamke mwenye baa. Walioharibu wanaondoka jukwaani bila kuulizwa.

Filamu ya Rebelle ya Kim Nguyen, iliyopigwa Kongo na kutoka mwaka 2012, inakaribia swali kwa upande mwingine. Komona, mtoto wa miaka 12, anatekwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake. Mizimu yao inamwandama hadi arudi kijijini kuwazika. Hapa kusafishwa kuna kazi yake na mahali pake: maiti, udongo, nyumbani. Mkongo yeyote anaielewa lugha hiyo. Aliyeigiza Komona, Rachel Mwanza, alikuwa ameishi mitaani Kinshasa kabla ya filamu. Mwaka huohuo alipata Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Magazeti ya nje yalipenda kuisimulia habari yake kama ya msichana aliyeokolewa na kamera. Swali la waliomwacha mtaani halikupata zulia jekundu.

Pwani, riwaya ya Kiswahili ina njia yake. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu mwenye cheo mchana na uchafu usiku. Anatoroka, na dunia ya baa, pombe na wanaume inammeza. Said Ahmed hampi baba maficho. Heshima ya Maksuudi inavuliwa nguo moja moja, nasi tunajua nani alikuwa wa kwanza kuharibu. Lakini anayelipa mwilini ni Maimuna. Yeye ndiye anayezama, na yeye ndiye anayelazimika kurudi na kuanza upya. Riwaya inamhukumu baba mbele ya msomaji, na inamwadhibu binti mbele ya mtaa.

Sasa turudi karibu na Kirolirwe, magharibi tu, kwenye misitu ya Walikale. Mwaka 1956 msanii wa Kinyanga, Candi Rureke, alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Kusimulia ni neno dogo kwa kazi ile. Msanii wa utendi huimba, hucheza na kuigiza, kibuyu cha njuga kikiwa mkononi. Vijana hugonga fimbo, wasikilizaji huitikia, na zawadi humjia akiwa bado anasema. Mtu mmoja huwa mtoto, mfalme, joka na shangazi.

Kisa chenyewe kinaanza na kosa la mtawala. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anaamuru wake zake wote wazae wasichana tu. Mwindo akizaliwa, baba anamrushia mkuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inaelea hadi kwa Iyangura, dada wa Shemwindo. Mwindo anarudi kupigana, baba anakimbilia kuzimu, mwana anamfuata na kumrudisha. Na hapo ndipo utendi unapofanya kile ambacho tamthilia na riwaya zetu hazikifanyi. Watu wanakusanywa. Iyangura, mwanamke, anasema mbele ya mkutano na kumkaripia kaka yake. Shemwindo anasimama na kukiri kosa lake hadharani. Hata shujaa hasalimiki: Mwindo akiisha kuua joka, Nkuba, mwenye radi, anampeleka juu angani mwaka mzima apigwe na baridi, mvua na jua mpaka kiburi kimtoke. Anarudi na sheria za kuishi na watu.

Kwa hiyo katika mapokeo ya Wanyanga anayetubu ni mwenye nguvu, na toba yake ina mashahidi. Msanii haombi kusafishwa, yeye ndiye anayelisimamisha baraza upya kila anapousimulia utendi. Lakini tusiupambe kupita kiasi. Wasanii wa utendi walikuwa wanaume. Iyangura anasema, lakini kwa kinywa cha mwanamume. Pia Shemwindo anasamehewa upesi, jambo ambalo mtu wa Ntoto au Mokoto ana haki ya kulitilia shaka. Utendi unatupa umbo la haki, hautupi haki yenyewe.

Umbo hilo linatosha kubadili riwaya ya kihistoria. Tumchukue msichana wa Kirolirwe aliyezaliwa miaka ya 1960, anayetamani jukwaa. Zaire ya Mobutu ilikuwa nalo jukwaa: vikundi vya uhamasishaji vya chama chake, MPR, vilivyoimba na kucheza mbele ya kila mkubwa aliyepita. Msichana huyo anaweza kupanda hapo, akapendwa, akamsifu mtu aliyejimilikisha malisho ya majirani zake. Halafu unakuja mwaka 1990, vyama vingi vinaruhusiwa, halafu 1993. Sasa ana hatia ya kweli, wala haihusiani na kitanda wala pombe. Alikodisha sauti yake. Hatia hiyo inampa utu, kwani mwigizaji asiye na kosa lolote angekuwa sanamu ya kanisani. Na inamhitaji mtu wa pili: aliyeikodi.

Njia yake ya kurudi ipo, nayo si ya kubuni. Mashirika kama Search for Common Ground yamefanya teatri shirikishi vijijini Kivu. Kikundi hufika, husikiliza kwanza ugomvi wa mahali, iwe shamba, ng'ombe au mpaka, kisha huucheza bila kumtaja mtu. Mgogoro ukifika kileleni, mchezo husimama na mtazamaji hualikwa kuingia kuchukua nafasi ya mhusika. Augusto Boal wa Brazil aliutengenezea utaratibu huu nadharia katika miaka ya 1970, lakini aliyewahi kuitikia utendi wa Mwindo hashangai kuitwa uwanjani. Mwelekezi Milo Rau alifanya jambo la aina hiyo Bukavu mwaka 2015 katika mahakama yake ya jukwaani, ambapo machimbo ya Bisie, Walikale, yalikuwa miongoni mwa mashauri matatu. Hukumu yake haikuwa na polisi wa kuitekeleza. Bado watu waliona wakubwa wakiulizwa maswali kwa sauti.

Ndiyo sababu ningependa riwaya hiyo iandikwe kwa sura mbili za toba. Ya kwanza ni ya mwigizaji, fupi, kwa yale aliyoyaimba. Ya pili ni ndefu, na ndani yake yeye ndiye anayeshika kibuyu, anacheza nafasi ya mwenye shamba aliyemkodi mbele ya mwenye shamba mwenyewe, kisha anasimamisha mchezo na kumwita aingie. Kama mtu huyo ataingia au atawatuma vijana wenye bunduki wautawanye mkutano, hilo mwandishi aliachie historia ya Masisi, ambayo inayajua majibu yote mawili. Asichopaswa kufanya ni kumwacha mtu huyo aondoke bila kuitwa.