Siki, Chumvi na Shaba



Wengi hudhani kwamba ubao wa saketi ulio ndani ya redio ni kazi ya viwanda vikubwa tu. Historia yaonyesha vingine. Ufundi wa kuchora madini kwa dawa inayoyala ulianza kwa mafundi wa mavazi ya vita huko Ulaya. Yapata mwaka 1500 Daniel Hopfer wa Augsburg, Ujerumani, alikuwa akiutumia kuchapa picha. Mwaka 1645 Abraham Bosse alitoa kitabu cha kazi hiyo mjini Paris, na miongoni mwa vitu vya dawa yake vilikuwamo siki, chumvi na kutu ya shaba. Mwaka 1936 Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna, alitengeneza redio yenye saketi iliyochapwa akiwa London. Kanuni ni ile ile: mistari inayotakiwa hufunikwa, na dawa hula shaba iliyoachwa wazi.

Dawa iliyozoeleka ni feri kloraidi. Mwaka 1998 sisi hatukuwa nayo. Tulichanganya siki, chumvi na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Peroksaidi huioksidisha shaba. Siki na chumvi huiyeyusha. Mistari tuliichora kwa rangi ya kucha. Ubao wa kwanza uliliwa hata chini ya rangi. Wa pili ulifaulu, na maji yakageuka kijani.

Kosa letu lilikuja baadaye: maji yale tuliyamwaga nyuma ya bweni, na majani yakafa. Vijana wa Singida yafaa tulielewe jambo hili kuliko wengine. Maziwa ya Singidani na Kindai hayana mto wa kuyatoa maji. Jua huyakausha, chumvi ikabaki. Shaba nayo haipotei kwa kumwagwa.

Basi, wanafunzi, jaribuni, lakini mbele ya mwalimu, penye hewa, macho yakiwa yamekingwa, na chombo kisifungwe. Mkimaliza, tieni magadi kidogo kidogo mpaka povu likome. Shaba itatuama kama tope. Lichujeni, likausheni, mlikabidhi kwa mwalimu katika chupa yenye jina.

Sisi tulijifunza kuila shaba. Ninyi jifunzeni pia kuirudisha.