Bombomu na Mkanda Wake: Habari za Vita vya 1914 hadi 1918

Sisi tukaao Mwaya, kaskazini ya Ziwa Nyasa, tu jirani na mto Songwe, ambao zamani ulikuwa mpaka wa Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza. Tarehe 9 Septemba 1914 askari wa Wadachi waliouvuka mto huo walipigana karibu na Karonga, wakashindwa. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likauvuka likija huku, na mizigo yake ikaletwa kwa meli hadi pwani yetu. Watu husimulia mashujaa wa vita hivyo. Leo twataka kusimulia habari za risasi, kwa kuwa ndizo zilizoamua nani apigane na kwa silaha gani.

Silaha iliyoogopwa kupita zote ilikuwa bombomu, bunduki ya mtambo itoayo risasi mfululizo. Bombomu ya Wadachi na ile ya Waingereza asili yake moja, ni kazi ya Hiram Maxim aliyoibuni mwaka wa 1884. Zote zililishwa kwa mkanda wa kitambaa wenye vifuko 250, kila kifuko risasi moja. Mtambo huishika risasi kitakoni, ukaivuta nyuma kutoka mkandani, kisha ukaisukuma ndani ya mtutu. Kitambaa kikilowa mvua huvimba na kuibana risasi, na bombomu husita.

Ingawa mitambo ilifanana, risasi hazikufanana. Ya Kiingereza ilikuwa na upana wa milimita 7.7, na kitako chenye ukingo uliotokeza nje. Ya Kidachi ilikuwa milimita 7.92, haina ukingo, ila mfuo mwembamba uliozunguka kitako. Tofauti ya upana haifiki robo ya milimita. Hata hivyo aliyeteka sanduku la adui bila kuteka bunduki yake aliteka mzigo tu.

Wadachi waliyajua hayo kwa taabu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na askari wao wengi walikuwa na bunduki za mwaka wa 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya moshi mwingi, isiyofaa bombomu zao. Meli iliyowaletea risasi karibu na Tanga mwaka wa 1915 ilipigwa, na shehena ikalowa maji ya chumvi. Ikawabidi kuzifungua risasi na kukausha baruti yake. Ilipowaishia akiba, Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba 1917 akaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Hapo askari wake walishika bunduki za Kireno, maana risasi zake zilikuwapo.

Mwezi wa Septemba 1918 alirudi, akapita Njombe, kaskazini mashariki ya ziwa letu, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Aliposalimisha silaha Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, alitoa bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Katika bombomu 37, za Kidachi zilikuwa 7 tu.

Basi ni nani waliozilisha silaha hizo? Ni wapagazi. Sanduku moja lenye mkanda uliojaa lilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi, na bombomu huumaliza mkanda huo kwa muda wa nusu dakika. Masanduku mawili ni karibu mzigo wa mtu mmoja. Kwa hiyo mtu alitembea siku nyingi, kwa njaa, mvua na homa, akibeba kichwani milio ya dakika moja. Wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi. Kikosi chao kimeacha jina Kariakoo, mjini Dar es Salaam, lakini majina ya wengi wao hayakuandikwa. Tusomapo hesabu za bunduki na risasi za vita hivyo, na tuwahesabu na wao.