Kodi ya Nyumba na Kodi ya Dukani

Wako watu wengi katika vijiji vyetu wadhanio ya kuwa mkulima na kibarua hawalipi kodi tena tangu mwaka 2003, Serikali ilipoifuta kodi ya maendeleo. Dhana hiyo si ya kweli, na asili ya kosa lake yaonekana katika habari za zamani.

Wadachi walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Kibanda cha kijijini kilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia haikuota shambani, kwa hiyo vijana wengi wa Usukuma na Unyamwezi walishika njia ya pwani kutafuta kazi ya mshahara katika mashamba ya mkonge. Kisha walikuja Waingereza, na sheria yao ya mwaka 1922 ilitoza nyumba na kichwa. Bariadi siku zile ilikuwa sehemu ya Maswa. Huko Ntuzu na Itilima watemi na wanangwa ndio walioikusanya kodi, na mtu asiyekuwa na fedha alijificha porini siku ya kuhesabiwa. Bei ya pamba ilipoanguka kuanzia mwaka 1930, kodi ilidaiwa vilevile.

Sisemi kwamba kodi ile ilikuwa njema. Ilimtoza mwenye ng'ombe mia na asiye na mbuzi karibu sawasawa. Walakini ilikuwa na jambo moja la haki: kila mtu aliijua. Alijua siku yake, kiasi chake, na uso wa aliyeipokea, hata aliweza kunung'unika mbele ya mtu.

Mwaka 1969, Bwana Amir Jamal akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa, na mwaka uo huo ikaanzishwa kodi ya mauzo. Watu walifurahi, nao walikuwa na sababu, maana msako wa kodi ulikuwa umewaaibisha wazee wengi mbele ya watoto wao. Lakini kodi mpya ilitozwa kiwandani na bandarini, ikasafiri ndani ya bei hata kufika Bariadi bila mtu kuiona. Kodi ya kichwa nayo ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na hiyo ndiyo iliyofutwa mwaka 2003. Ile ya dukani haikuondoka. Mnamo Julai 1998 ilibadilishwa kuwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa sehemu 20 katika kila 100. Mwaka 2009 ikashushwa kuwa 18.

Hapa yatupasa kukawia kidogo, kwa kuwa ndipo penye uzito. Tuseme yuko kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba apataye shilingi 200,000 kwa mwezi. Mahindi na mtama hayatozwi kodi hii, nalo ni jambo jema. Lakini sabuni, nguo na vitu vingine vya dukani vyamgharimu shilingi 59,000. Ndani ya fedha hizo mna kodi ya shilingi 9,000, yaani shilingi 4 na nusu katika kila 100 za mshahara wake. Jirani yake apata shilingi 2,000,000, naye hununua vitu vya namna hiyo kwa shilingi 236,000. Kodi yake ni 36,000, nayo haifiki shilingi 2 katika kila 100 za mapato yake. Fedha nyingine hununua ng'ombe au huziweka akiba, na huko kodi hii haimfuati. Basi aliyetoa shilingi nyingi ndiye aliyetoa sehemu ndogo. Msomaji wa Injili atamkumbuka mjane na senti zake mbili. Tofauti ni kwamba mjane yule alitoa kwa hiari.

Sasa tuseme kodi yapandishwa kutoka 18 kurudi 20. Kibarua yule ataongeza shilingi 1,000 kila mwezi, na mshahara wake hautapanda siku hiyo. Atapunguza nini? Ubani na mapambo hana. Atapunguza sabuni, au daftari la mtoto. Mimi mwalimu huliona pengo hilo darasani kabla mtu yeyote hajanieleza. Wakenya waliliona jambo hili wazi mwaka 2024, Serikali yao ilipotaka kuutoza mkate kodi ya sehemu 16 katika kila 100. Watu walikataa kwa nguvu, na shauri la mkate likaondolewa.

Wengine hunijibu ya kwamba mwenye duka wa kijijini hakuandikishwa kuitoza kodi hii. Ni kweli, mauzo yake ni madogo mno kwa sheria. Lakini yeye mwenyewe alikwisha kuilipa aliponunua sabuni kwa mfanyabiashara wa jumla, wala hawezi kudai irudishwe. Hufanya nini basi? Huiweka katika bei.

Serikali yahitaji fedha za shule, dawa na barabara, nami nala mshahara wa kodi hiyohiyo. Lakini katika baraza la kijiji bado nasikia mtu akisema, "Mimi silipi kodi, sina neno la kuuliza," na mkononi ameshika kipande cha sabuni alichotoka kununua sasa hivi.